Angkor Haikupotea, Ilikuwa na Wenyewe

Liko neno moja ambalo halina budi kuchunguzwa kila linapotokea katika vitabu vya historia. Neno lenyewe ni "kugundua". Shuleni tulifundishwa kwamba fulani aligundua ziwa na fulani akagundua mlima, nasi tukaandika katika madaftari yetu bila ya kuuliza ni nani waliokuwa wakivua samaki katika ziwa hilo siku ile. Wiki hii nataka kulitazama neno hilo tukiwa mbali na nyumbani, huko Kambodia, nchi ambayo wasikilizaji wetu wa zamani wataikumbuka kwa jina la Kampuchea katika taarifa za habari.

Nilifunga safari mpaka Siem Reap, mji ulioko kaskazini magharibi ya nchi hiyo, ili kuyaona magofu ya Angkor. Vitabu vingi vya wasafiri husimulia kwamba mahekalu haya yalikuwa yamepotea msituni mpaka mwaka 1860, alipofika Mfaransa Henri Mouhot, mtafiti wa wanyama na wadudu, akayagundua. Maskini, Mouhot mwenyewe hakuufaidi umaarufu huo. Alifariki kwa homa huko Laos mwaka 1861, na habari za safari zake zikachapishwa yeye akiwa kaburini.

Lakini simama mbele ya hekalu la Angkor Wat uone kama hadithi hiyo inamezeka. Handaki la maji linalolizunguka lina upana wa mita 190 hivi, na kulizunguka kwa miguu ni zaidi ya kilometa tano. Mnara wa kati umepanda mita 65. Ngazi zake zimesimama wima kiasi kwamba mtu wa makamo mwenye kitambi cha kukaa studio, kama mimi, hupanda kwa mikono na miguu. Kitu cha ukubwa huo kinapoteaje? Na kinampotea nani?

Ukweli ni kwamba hakikumpotea mtu. Angkor Wat lilijengwa katika karne ya 12, wakati wa mfalme Suryavarman wa Pili, kwa ajili ya Vishnu, mungu wa Wahindu. Baadaye liligeuzwa kuwa la dini ya Buda, na watawa wa dini hiyo waliendelea kusali humo karne hata karne. Mtawa wa Kireno, António da Madalena, alifika huko katika miaka ya 1580. Mjapani mmoja aliyekwenda kuhiji aliandika kwa wino juu ya nguzo ya hekalu mwaka 1632. Hata Wafaransa wenyewe walikuwa na padri wao, Bouillevaux, aliyepita hapo miaka kumi kabla ya Mouhot. Basi aliyegundua ni nani?

Mouhot hakuwa mtu mbaya, naomba nisieleweke vibaya. Aliyastaajabia majengo hayo na akayaweka juu ya yale yaliyoachwa na Wagiriki na Warumi. Tatizo ni kwamba alipowatazama wakulima wa Kikhmer waliokuwa wakiishi jirani hakuamini kwamba mababu zao ndio waliojenga. Wakati habari zake zinaanza kusomwa huko Paris, mwaka 1863, Ufaransa ilikuwa ikiiweka Kambodia chini ya ulinzi wake. Jimbo lenye Angkor lilikuwa mikononi mwa Siam, yaani Tailandi ya leo, nalo likarudishwa mwaka 1907. Hadithi ya watu waliousahau ustaarabu wao ilimfaa sana mgeni aliyesema amekuja kuwarudishia.

Sasa wajenzi tunawajua, maana wameandika wenyewe juu ya mawe. Hesabu ya ufalme huo huanzia mwaka 802, Jayavarman wa Pili alipojitangaza mfalme mkuu juu ya mlima Kulen. Ni katika milima hiyo yalikochimbwa mawe ya Angkor Wat, umbali wa kilometa 40 hivi, na mengi yakaletwa kwa njia ya maji. Maandishi yao ni ya lugha mbili. Kisanskriti kilitumika kuwasifu miungu na wafalme. Kikhmer cha kale, ambacho ndicho mzazi wa lugha inayozungumzwa sokoni Siem Reap leo, kilitumika kuandika mambo ya duniani: mipaka ya mashamba, mchele, ng'ombe, na majina ya watumwa waliotolewa kulihudumia hekalu. Nakiri kwamba hayo ya pili ndiyo yaliyonivutia zaidi. Sifa za wafalme zinafanana kila mahali.

Katika hekalu la Ta Prohm, lile ambalo mizizi ya miti imezikumbatia kuta kama chatu, liko jiwe la mwaka 1186 lenye hesabu kamili. Watu 12,640 walikuwa na haki ya kukaa ndani ya hekalu, wakiwamo makuhani wakuu 18 na wacheza ngoma 615. Kwa jumla watu 79,365, pamoja na hao, kutoka vijiji 3,140, walilazimika kulitumikia kwa mchele na kwa jasho. Jiwe hilo hilo linasema mfalme, Jayavarman wa Saba, alikuwa na hospitali 102 katika nchi yake. Mtu anaweza kumsifu kwa hospitali, lakini asisahau vile vijiji 3,140. Watalii hupiga picha ya mizizi na kuondoka.

Ukitaka kuwaona watu hao, nenda katika hekalu la Bayon, la mfalme huyo huyo. Kutani, chini ya vita na wafalme, wachongaji wameweka maisha ya kawaida: wanawake wanauza samaki, wanaume wanapiganisha majogoo, chungu kiko jikoni, mama anajifungua. Mjumbe wa Uchina, Zhou Daguan, aliyekaa Angkor karibu mwaka mzima tangu 1296, aliandika kwamba biashara ilikuwa mikononi mwa wanawake. Hawakuwa na maduka. Walitandika mikeka chini, kila mmoja mahali pake, kuanzia alfajiri mpaka adhuhuri, na mahali penyewe walipalipia ushuru. Nani kati yetu hajawahi kununua dagaa katika soko la namna hiyo?

Mji ulipungua nguvu katika karne ya 14 na ya 15. Majeshi ya Ayutthaya kutoka Siam yaliuteka mwaka 1431, hilo linajulikana. Lakini wataalamu waliosoma pete za miti mikongwe ya Vietinamu wameonyesha kwamba kabla ya hapo kulikuwa na miaka mingi ya ukame iliyofuatiwa na mvua za kupindukia, na mji huu uliishi kwa mifereji na mabwawa. Bwawa moja, la magharibi, lina urefu wa kilometa nane, na mpaka leo lina maji. Mfalme alihamia kusini, karibu na mahali ulipo mji mkuu wa sasa, Phnom Penh. Wakulima walibaki na mpunga wao.

Kutokana na hilo neno "kugundua" kulizaliwa neno jingine, "kuchukua". Mwaka 1923 kijana Mfaransa aitwaye André Malraux alifika katika hekalu dogo la mawe mekundu, Banteay Srei, lililowekwa wakfu mwaka 967. Alikata sanamu za ukutani kwa misumeno, akazipakia, na akakamatwa Phnom Penh. Mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka mitatu. Rufaa ikakipunguza kuwa mwaka mmoja ambao hakuutumikia. Mawe yalirudishwa ukutani, na mimi nimeyaona. Malraux huyo huyo, mwaka 1959, akawa Waziri wa Utamaduni wa Ufaransa.

Wizi mkubwa zaidi ulikuja na vita vya miaka ya 1970 na utawala wa Khmer Rouge, ulioua watu wapatao milioni 1.7 kati ya 1975 na 1979. Mabomu ya kutegwa ardhini yaliwazuia wakulima kwenda mashambani, lakini hayakuwazuia wezi wa sanamu. Huko Koh Ker, mji mkuu wa karne ya 10, shujaa Duryodhana wa hadithi za Kihindu alikatwa kwenye vifundo vya miguu. Mwaka 2011 alitokea katika mnada huko New York, bila nyayo. Nyayo zilikuwa zimebaki Koh Ker juu ya jiwe lake, na Kambodia ikazitoa kama ushahidi. Kesi ikafunguliwa, muuzaji akakubali, na mwaka 2014 shujaa akarudishwa Phnom Penh kwa ndege. Desemba 2023 jumba la makumbusho la Metropolitan la mji huo huo wa New York likatangaza kurudisha sanamu nyingine 14.