Samadi, Vocha na Mikunde: Historia Fupi ya Rutuba Karagwe

Mara nyingi rutuba ya udongo huzungumzwa kana kwamba ni majaliwa: iko mikoa iliyobarikiwa, iko iliyonyimwa. Historia ya Karagwe na Kyerwa, wilaya zilizokuwa moja hadi mwaka 2012, inakanusha dhana hiyo. Huko, Kimuli ikiwamo, rutuba imetengenezwa na watu, na daima imetegemea swali la kisiasa: nani anamiliki kile kinachorutubisha?

John Speke alipofika kwa Mukama Rumanyika mwaka 1861, alikuta ufalme uliohesabu utajiri wake kwa ng'ombe. Ng'ombe walilishwa nyasi za rweya, yaani mbuga ya wazi, na samadi yao ikapelekwa kwenye vibanja vya migomba. Nyasi nazo zilikatwa na kutandazwa chini ya migomba, na maharage yakapandwa katikati yake. Kibanja kilinawiri kwa sababu rweya ilitoa. Asiye na ng'ombe alilazimika kumtegemea aliye nao.

Katika miaka ya 1890 sotoka iliteketeza mifugo Afrika Mashariki, na samadi ikaadimika. Ukoloni ukastawisha biashara ya kahawa katika vibanja vilevile. Kila gunia lililosafirishwa liliondoka na sehemu ya rutuba.

Serikali ya nchi huru ilitafuta jibu kiwandani. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kilianza kazi mwaka 1972, kikafungwa mwaka 1991, enzi ambapo ruzuku za pembejeo zilikuwa zikiondolewa. Ruzuku iliporudi kwa njia ya vocha mwaka 2008, ililenga mahindi na mpunga. Maharage na choroko hayakuwa na mtetezi.

Wapo wanaosema mikunde haihitaji mbolea kwa kuwa hujitengenezea naitrojeni. Hiyo ni nusu ya ukweli. Bakteria walio katika vinundu vya mizizi huvuna naitrojeni hewani, lakini fosforasi haitoki hewani. Udongo mwekundu wa mfinyanzi wenye asidi huishikilia fosforasi kiasi kwamba mizizi huipata kwa shida. Choroko ikikosa fosforasi, vinundu hudhoofu, naitrojeni hupungua, na mavuno huporomoka. Samadi, ambayo hupunguza makali ya asidi na kulainisha mfinyanzi, ndiyo iliyokuwa ikiziba pengo hilo.

Mwamba wa fosfeti tunao Minjingu, mkoani Manyara, nao hufaa zaidi hasa katika udongo wenye asidi. Kwa hiyo mavuno duni ya mikunde si hukumu ya asili. Ni matokeo ya kuamua ni zao gani, na mkulima gani, anayestahili kusaidiwa. Mukama aliamua kwa ng'ombe. Sisi tunaamua kwa bajeti. Tofauti ni kwamba bajeti inaweza kuhojiwa, na mkulima wa Kimuli ana haki ya kuihoji.