LAPSSET: Mpango uliohesabu mafuta, barabara ikatangulia

LAPSSET ni mpango wa muda mrefu wa serikali ya Kenya wa kuunganisha Lamu na nchi za Sudan Kusini na Ethiopia kupitia kaskazini mwa Kenya. Ni sehemu ya Dira ya 2030, iliyozinduliwa mwaka 2008. Ujenzi ulizinduliwa Lamu tarehe 2 Machi 2012 na Rais Mwai Kibaki, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia.

Mpango wa awali

Ulihusisha bandari yenye gati 32, reli, barabara kuu, bomba la mafuta ghafi, kiwanda cha kusafisha mafuta, viwanja vya ndege na miji ya utalii. Gharama zilikadiriwa kuzidi dola bilioni 20 za Marekani. Tegemeo la bomba lilikuwa mafuta ya Sudan Kusini na, baadaye, ya Uganda.

Yaliyobadilika

Desemba 2013 vita vilizuka Sudan Kusini. Aprili 2016 Uganda iliamua kupitisha mafuta yake Tanzania, kwa bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga. Mwaka huohuo Ethiopia ilizindua reli ya umeme kutoka Addis Ababa kwenda Djibouti, bandari inayopitisha sehemu kubwa ya biashara yake ya nje. Shehena iliyotarajiwa kulipia mradi ikawa haina uhakika.

Yanayofanya kazi

Barabara ya lami ya Isiolo hadi Moyale, takriban kilomita 500, ilikamilika. Desemba 2020 kituo cha pamoja cha mpakani Moyale kilifunguliwa rasmi. Katika utaratibu huo lori husimama mara moja tu, upande wa nchi linakoingia, ambako maofisa wa nchi zote mbili hukagua mzigo na hati. Gati ya kwanza ya Lamu ilianza kazi Mei 2021.

Namna ya kuuhuisha

Dira ya 2030 hutekelezwa kwa mipango ya miaka mitano mitano. Wa nne ni wa 2023 hadi 2027. Hapo ndipo miradi hupangwa upya. Hesabu ya kuanzia si idadi ya gati bali mzigo uliopo: mifugo, nafaka, saruji na bidhaa za dukani zinazopita mpakani hata bila mafuta.

Hesabu nyingine ni ya wenyeji. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 za Kenya, baada ya kuona kwamba haki zao zilikiukwa. Gharama hiyo haikuwamo katika michoro ya mwanzo.

Kwa mfanyabiashara anayetaka kununua lori au kujenga ghala, jambo la kuangalia katika kila toleo jipya la mpango ni kipande gani cha mradi kimetengewa fedha, si kipande gani kimechorwa kwenye ramani.