Mfubao si ukungu

Mwenye bajaji wa Kiruruma akikwambia dirisha la plastiki kwenye turubai lake lina ukungu, muulize kwanza: ukungu upi? Neno hilo tunalitumia kwa mvuke unaotanda mabondeni alfajiri, kwa unyevu unaoshika kioo kwa ndani, hata kwa kuvu inayoota kwenye mkate. Sasa tumelibebesha na weupe wa plastiki iliyochakaa, na hapo ndipo fundi anapokosea tiba: unyevu ulioingia ndani ya taa ya gari hauondoki kwa msasa, na plastiki iliyochakaa haiponi kwa kuanikwa.

Kwa hali hii ya pili napendekeza mfubao. Kitenzi kufubaa tunacho, na kila Mtanzania amesikia habari za dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Kama kung'aa kulivyotupa mng'ao, kufubaa kutupe mfubao.

Mfubao hupimwa. Mwanga ukipita kwenye plastiki safi hufuata njia yake. Uso ukichakaa, sehemu ya mwanga huo hutawanyika. Kipimo cha Marekani kiitwacho ASTM D1003 huhesabu ni asilimia ngapi ya mwanga uliopita imepinda zaidi ya nyuzi 2.5. Ikizidi 30, kitu hicho huhesabiwa kuwa kitawanya mwanga. Ndiyo maana dirisha lililofubaa huingiza mwanga tele na bado dereva haoni pikipiki iliyo nyuma yake.

Madirisha laini ya bajaji, sawa na yale ya magari ya paa la kukunja, aghalabu ni ya polivinili kloridi iliyotiwa kilainishi. Miale ya urujuanimno huivunja kidogo kidogo hadi iwe ya manjano, huku kilainishi kikipotea na plastiki ikikakamaa. Huku kwetu, wilaya za Karagwe na Kyerwa ziko karibu na ikweta na juu milimani, kwa hiyo miale hiyo ni mikali. Halafu kuna vumbi: kulifuta kwa kitambaa kikavu ni kuikwaruza plastiki kwa mkono wako mwenyewe.

Jaribio lake ni jepesi. Mwagia maji sehemu iliyofubaa, kisha chungulia ingali mbichi. Ukiona vizuri kwa muda huo, mikwaruzo iko juu tu. Maji yameijaza na mwanga umenyooka. Hapo osha kwa maji mengi na sabuni ya vyombo, kausha kwa kitambaa laini, kisha sugua taratibu kwa polishi ya plastiki. Petroli na thina usiziguse, zinaila plastiki. Msasa wa maji, kuanzia namba 1000 hadi 2000, uachie taa za gari, ambazo ni za polikaboneti ngumu. Nazo ukishazisugua lazima uzipake upya tabaka la kuzuia miale, la sivyo zitafubaa tena haraka kuliko mwanzo.

Maji yasipobadilisha kitu, na plastiki ikiwa ya manjano na inapasuka ukiikunja, mfubao umeingia mwilini. Polishi haitasaidia. Mpelekee mshona turubai akate kipande hicho na kushona kingine, na usisafiri usiku kabla hajamaliza.