Damu ya 2007 na mahindi ya Ukambani

Niliahidi kuendelea na mambo ya hifadhidata, na leo naendelea nayo, ila kwa kupitia njia ya mzunguko kidogo. Nivumilieni. Nataka kuzungumzia friza iliyojaa damu.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni mwanaprogramu, na nyumbani kwetu ni Matiliku, upande wa Nzaui, kaunti ya Makueni. Mwaka 2004 nilikuwa mtoto mdogo wa shule ya msingi wakati watu wa Makueni na Kitui walipoanza kufika hospitalini macho yakiwa manjano. Ini lilikuwa limeharibika. Kufikia tarehe 20 Julai mwaka huo, wagonjwa 317 walikuwa wamehesabiwa na 125 kati yao walikuwa wamekufa. Chanzo kilikuwa chakula cha kila siku, yaani mahindi. Yalikuwa yamevunwa mwezi wa Februari huku mvua ikinyesha nje ya msimu wake, yakawekwa ndani kabla ya kukauka sawasawa, kuvu ikaota na kutoa sumu iitwayo aflatoksini (ndugu zetu wa Tanzania wanaiita sumukuvu, jina zuri kuliko letu).

Na si kwamba ilikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1981, Makueni ikiwa bado sehemu ya wilaya ya Machakos, wagonjwa 20 walilazwa kwa sababu hiyohiyo na 12 wakafa. Miaka 23 ikapita katikati.

Sasa, mwaka 2004 wachunguzi wa Wizara ya Afya na wa CDC ya Marekani walifanya jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kutafuta kosa kwenye programu atalielewa: walilinganisha kinachofanya kazi na kisichofanya kazi. Walichukua wagonjwa 40 na watu 80 ambao hawakuugua, wakapima mahindi yao na damu yao. Mahindi ya nyumba za wagonjwa yalikuwa na sumu karibu mara nane ya yale ya wenzao, na damu nayo ikaonyesha tofauti ya karibu mara nane. Waliokuwa wakiweka mahindi ndani ya nyumba wanamolala badala ya ghalani walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi.

Hapo kwenye damu pana ufundi wa kupendeza. Sumu yenyewe haikai mwilini muda mrefu, lakini ini likiishughulikia, kipande chake hung'ang'ania albumini, protini ya kawaida ya damu. Albumini huishi kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo ukipima kile kipande unasoma kumbukumbu ya alichokula mtu kwa miezi miwili au mitatu iliyopita. Ni kama faili ya matukio ya seva inayojifuta yenyewe kila baada ya robo mwaka. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Swali lililobaki baada ya 2004 lilikuwa gumu zaidi. Waliokufa tuliwahesabu. Je, wale ambao hawakuugua kabisa lakini wanakula sumu kidogo kidogo mwaka baada ya mwaka, mpaka saratani ya ini iwapate? Kujibu hilo unahitaji damu ya watu wazima kutoka nchi nzima. Kutuma timu Kenya yote, kijiji kwa kijiji, ni gharama ya kutisha.

Ila damu hiyo ilikuwa tayari ipo! Mwaka 2007 serikali ilifanya utafiti wa kitaifa wa viashiria vya UKIMWI, ule unaojulikana kwa kifupi kama KAIS. Watu zaidi ya 15,000 wa umri wa miaka 15 hadi 64 walitoa damu. Ilipimwa virusi vya UKIMWI, kaswende na tutuko za sehemu za siri. Wakati wa kuomba ridhaa, wahusika waliulizwa pia swali jingine, tofauti na lile la kutolewa damu: je, unakubali inayobaki ihifadhiwe kwa vipimo vya baadaye?

Swali hilo ndilo kiini cha benki yoyote ya sampuli. Bila hilo, mrija unatupwa, au mbaya zaidi, unatumika kwa siri. Kwa sababu liliulizwa, watafiti waliweza kurudi kwenye friza, wakachagua sampuli 600 kutoka mikoa yote minane ya wakati ule, wakatafuta aflatoksini. Matokeo yalichapishwa 2013. Asilimia 78 ya sampuli zilikuwa na sumu inayopimika. Mwanamume au mwanamke, kijana au mzee, tajiri au maskini, hakukuwa na tofauti. Tofauti ilikuwa mahali. Mkoa wa Mashariki, yaani kwetu, ndio uliokuwa juu kabisa: kiwango cha kati kilikuwa pikogramu 7.87 kwa kila miligramu ya albumini, wakati kwa nchi nzima kilikuwa 1.78. Pwani ilifuata kwa 3.70. Damu iliyotolewa kwa ajili ya UKIMWI ilijibu swali la mahindi.

Haya, sasa tuingie kwenye fani yangu. Benki nzuri ya sampuli ni majedwali mawili yasiyolala chumba kimoja. La kwanza lina namba ya mrija, mahali ulipo kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, na vipimo. La pili lina majina na namba zile. Mtafiti huona la kwanza tu. Ufunguo wa kuunganisha hushikwa na mtu mwingine, au huharibiwa kabisa. Mwaka 2007 wengi wa waliokuwa na virusi hawakujua hali zao, na Kenya haikuwa na sheria ya ulinzi wa data. Hiyo ilikuja 2019. Kilichokuwepo ni kamati za maadili, fomu na uaminifu. Fikiria jina lako livuje kwenye orodha ya namna hiyo katika soko ambalo kila mtu anajua mbuzi wa nani amezaa.

Kufuta jina peke yake hakutoshi. Mwaka 1997 huko Marekani, Latanya Sweeney, wakati huo mwanafunzi, alichukua kumbukumbu za hospitali za Massachusetts ambazo zilikuwa zimeondolewa majina, akazilinganisha na daftari la wapiga kura, akampata gavana William Weld mwenyewe. Alitumia tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta tu. Sasa andika "mwanamke, miaka 43, mwalimu, Matiliku". Nampa mtu yeyote wa pale dakika mbili, atakuambia anakaa wapi.

Kwa hiyo unaandika mkoa, huandiki kijiji. Hapo mtu amelindwa. Lakini ona ulicholipa: Mkoa wa Mashariki ulianza Makueni ukaenda mpaka Marsabit, mpakani na Ethiopia. Mla muthokoi wa Nzaui na mfugaji wa ngamia wa kaskazini wako kwenye tarakimu moja. Ile 7.87 inamficha mwalimu wetu, na inaificha Matiliku pia. Siku hizi mkoa wenyewe haupo, umegawanyika kaunti nane, na ofisa wa afya wa Makueni hawezi kuichambua tarakimu ile apate ya kaunti yake. Sina suluhisho la kihesabu linalotoa vyote viwili. Ukikaza faragha, ramani inafifia.

Na yule aliyepimwa akakutwa na 211, kiwango cha juu kuliko wote? Wengi nikiwasimulia huuliza mbona hakuambiwa. Mimi nadhani kwa sumu hii jibu si gumu. Ile faili inajifuta. Damu ya 2007 inaeleza mahindi ya 2007, na 2013 kumwambia mtu binafsi isingemsaidia. Dawa ya kuiondoa haipo. Deni halikuwa kwa mtu mmoja, lilikuwa kwa eneo. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2000, kuhusu uvumi wa mumiani na wazimamoto wanaonyonya damu Afrika Mashariki. Wazungu wengi waliucheka. Mimi naona una mantiki yake: mtu anakuja, anachukua damu, anaondoka, na hakuna anayerudi kusema alichokiona ndani yake. Matokeo ya 2013 yalichapishwa kwenye jarida la Kiingereza la mambo ya vyakula.

Kwa hiyo ningekuwa natengeneza fomu ya ridhaa ya hospitali leo, ningeongeza kisanduku cha tatu. Cha kwanza: unakubali tuchukue damu? Cha pili: unakubali tuihifadhi? Cha tatu: tukigundua jambo linalohusu watu wa kwenu wote, tulilete wapi, kwa lugha gani? Kwenye jedwali ni safu mbili tu, na hazihitaji jina la mtu. Mimi ningejaza: baraza la chifu, Matiliku, kwa Kikamba, kabla ya mavuno.