Safari Fupi, Jasho Refu

Wapo wageni waliokuja kufanya kazi nchini mwetu, wakastaafu, wakaamua kubaki hapa hapa Dar es Salaam. Mzee na mkewe wakitaka kupunga upepo hawana haja ya kwenda mbali. Hufunga mzigo mdogo, hupita Mbagala na Mkuranga, huiacha barabara kuu ya kusini pale Bungu, wilayani Kibiti, na kushika njia ya Nyamisati. Hapo huvuka maji kwenda Kilindoni, Mafia. Baada ya siku tatu wamekwisha kurudi, wakisimulia kwamba ufuko mzuri uko karibu kabisa.

Hatuna ugomvi na mapumziko yao. Aliyefanya kazi miaka mingi ana haki ya kukaa chini ya mnazi. Lakini neno hilo "karibu" lina historia yake, na historia hiyo ni ya jasho la watu wa delta ya Rufiji.

Majahazi ya Arabuni na Ghuba yalifika katika delta hiyo tangu zamani kufuata boriti za mikoko. Walioingia topeni na shoka, wakazikata na kuzibeba hadi chomboni, walikuwa wenyeji. Dari za nyumba nyingi za mawe ng'ambo ya bahari zilisimama juu ya kazi hiyo.

Kisha ikaja vita. Tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg iliishambulia manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Unguja, ikaizamisha. Baadaye mitambo yake ikaharibika, ikajificha Rufiji, karibu na Salale. Vyuma vilivyoharibika ilibidi vipelekwe Dar es Salaam kutengenezwa, na huko kusini hapakuwa na reli. Waafrika, umati mkubwa, walivikokota kwa kamba porini mpaka mjini, kisha wakavirudisha. Njia ambayo leo ni saa chache kwa gari, wao waliipima kwa mabega.

Januari 1915 Waingereza waliiteka Mafia, wakaifanya kituo cha ndege za kuitafuta manowari hiyo. Mwisho wake ulifika tarehe 11 Julai 1915. Nahodha wake, Max Looff, yumo vitabuni. Waliokokota vyuma hatuyasomi majina yao.

Baada ya uhuru watu wa delta waliitwa tena kutoa walichonacho. Mwaka 1997 serikali iliidhinisha mradi mkubwa wa kampuni binafsi wa kufuga kamba humo. Wanavijiji wengi waliupinga, wakihofia mikoko yao, mashamba ya mpunga na mahali pa kuvulia. Baadhi walikwenda mahakamani. Mradi ule haukujengwa, na mikoko ikabaki. Faida yake si ya wanavijiji peke yao, maana kamba na samaki wengi hukulia katika mikoko wangali wadogo. Mgeni anayeagiza kamba hotelini ana deni kwa matope ya Rufiji, hata kama hakuyakanyaga.

Na ule mvuko wa Nyamisati? Kabla ya kivuko cha MV Kilindoni kuanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 2020, watu wa Mafia walivuka kwa mashua na majahazi, wakingoja maji na upepo, pamoja na wagonjwa wao na nazi zao za kuuza. Mgeni amekuta njia imekwisha kupatikana. Tena akisikia hali mbaya huahirisha safari. Mwenyeji haahirishi. Aprili 2024 mafuriko ya Rufiji yalipozamisha nyumba na mashamba ya Rufiji na Kibiti, watu wa huko hawakuwa na tarehe nyingine ya kuchagua.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nusu ya kwanza ya methali tunaitimiza vizuri sana. Nusu ya pili ndiyo inayotudai: mvuvi alipwe bei ya haki, kijana wa Nyamisati apate kazi chomboni na hotelini, na anayelinda mikoko aonje faida yake. Bila hayo, safari itaendelea kuwa fupi kwa mgeni na ndefu kwa mwenyeji.