Lelemama na Kadi ya TANU

Husemwa mara kwa mara kwamba haki za wanawake ni mambo ya Wazungu, na kwamba mila zetu zilimweka mwanamke jikoni naye akaridhika. Historia ya Dar es Salaam inayakataa yote mawili. Mwaka 1955 John Hatch, mjumbe wa chama cha Labour cha Uingereza, alifika Tanganyika akawauliza viongozi wa TANU, chama kilichopigania uhuru, wanawake wao wako wapi. Anayetafuta mkono wa Ulaya ataishia hapo. Lakini kuuliza ni kazi nyepesi. Aliyebebeshwa kazi yenyewe ya kuwaandikisha wanawake, Bibi Titi Mohamed, aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, maana yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa kikundi cha Bomba na milango yao aliijua. Miezi michache haikupita, wanawake wenye kadi ya TANU wakahesabika kwa maelfu.

Vikundi hivyo vilikuwa na nini? Mtazamaji wa lelemama, mojawapo ya ngoma hizo za wanawake, aliona safu ya wanawake waliovaa sare, mikono na vichwa vikienda pamoja taratibu. Asichokiona ni kilichotangulia: sare imechaguliwa kwa shauri, michango imekusanywa, vyeo vimegawanywa, aliyefiwa amezikiwa na wenzake. Huo ni utawala, na uliendeshwa na wanawake ambao wengi hawakusoma shule, Waislamu wa makamo, wengi wao walioachika na kujitafutia riziki kwa biashara ndogondogo. Kwa kuwa serikali ya kikoloni iliwakataza watumishi wake kujiunga na siasa, wasomi wengi walikaa pembeni. Mama asiyelipwa mshahara na serikali hakuwa na kazi ya kufukuzwa. Upande wa pili, mkoloni huyo huyo, ambaye leo ndiye anayesingiziwa kumfumbua macho mwanamke wetu, alimwekea madarasa ya kushona, kupika na kulea watoto. Jiko tunaloliita mila lilihubiriwa pia kwa Kiingereza.

Atakayepinga atasema lelemama ilikuwa pumbao, haikudai usawa na mwanamume. Ni kweli haikudai. Lakini aliyezoea kuchangisha na kusuluhisha ugomvi hahitaji kufundishwa upya anapokabidhiwa tawi la chama. Anabadili shughuli tu. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mila hizo hizo zilimfunga mwanamke. Hili silikwepi. Bibi Titi aliozwa akiwa bado msichana mdogo, na hata kuingia uongozini kulihitaji ruhusa ya mumewe. Kwa hiyo anayeitetea mila kana kwamba ni kitu kimoja anakosea sawasawa na anayeilaani yote: ndani yake mlikuwa na kamba, na mlikuwa na mikono ya kuifungulia.

Mabishano haya hayakuondoka na meli ya gavana Mwingereza uhuru ulipopatikana. Mwaka 1962 ukaundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika (UWT), Bibi Titi akiwa mwenyekiti wake wa kwanza. Sheria ya Ndoa ya 1971 ikampa mke haki ya kumiliki mali yake mwenyewe na ikamkataza mume kumpiga. Sheria hiyo hiyo ikamruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi, ilhali mvulana asubiri 18. Mwingereza alikuwa keshaondoka. Kifungu hicho kilipitishwa na Bunge letu wenyewe.