Barometa, Cheti na Programu Yangu

Ukipanda matatu ya 111 kutoka mjini kuelekea Ngong, hapo Dagoretti Corner utapita makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya. Mimi nilipita miaka mingi bila kujua kuna maabara humo inayotumika kama kituo cha kikanda cha vifaa cha Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Huko vipimajoto na barometa hulinganishwa na kipimo cha kuaminika, kisha cheti huandikwa: kifaa hiki kinakosea kwa kiasi hiki. Hiyo ndiyo kalibresheni.

Zamani cheti hakikulala kabatini. Idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki ya Waingereza ilianzishwa 1929 chini ya Albert Walter, na kwa miongo mingi mtu alisoma barometa ya zebaki kwa macho, akasahihisha kwa kalamu. Kwanza kosa la kifaa, kutoka kwenye cheti. Halafu joto, maana zebaki hutanuka. Halafu mvuto wa dunia: Nairobi iko karibu na ikweta na juu sana, mvuto umepungua kidogo, basi zebaki husimama juu kuliko inavyostahili. Kanieneo ya hewa yetu ni hektopaskali 820 hivi, na sahihisho la mvuto peke yake linazidi 2. Msicheke! Huku ikweta kanieneo ya siku nzima hubadilika kwa hektopaskali chache tu.

Siku hizi namba inatoka kwenye kihisi na kuingia moja kwa moja kwenye kompyuta. Yule mtu wa kalamu ameondoka. Kazi yake tumerithi sisi waandika programu, ila hakuna aliyetuambia.

Mimi nilijua kwa aibu. Niliandika programu ya kufuatilia friji za chanjo za kliniki moja upande wa Kawangware. Chanjo zile hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Cheti cha kihisi kilisema: kikionyesha karibu 7.6, ongeza 0.7. Yaani 8.3. Programu yangu haikuwa na mahali pa kuweka hiyo 0.7, ikaendelea kuonyesha kijani. Cheti kilikuwa kwenye faili, tarehe haijapita, kila mtu ameridhika.

Nikaongeza safu mbili kwenye hifadhidata: sahihisho, na tarehe linapoanza kutumika. Namba ghafi sikuigusa, kwa sababu fundi akishakirekebisha kihisi chenyewe, sahihisho la zamani likizidi kujumlishwa utakosea upya. Kisha nikapitisha kumbukumbu za nyuma. Usiku kadhaa zilizokuwa kijani ziligeuka nyekundu, nami nikampigia muuguzi simu kabla hajafungua kliniki.